Mifugo Hujuaje Pa Kula? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ng'ombe, Mbuzi na Kondoo Malishoni

Maswali haya ni yale ambayo wafugaji, wanafunzi wa mifugo na watu walionunua ng'ombe wao wa kwanza huyarudia. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Je, mnyama anayechungwa huchagua chakula, au hula tu kilicho mbele yake?

Huchagua, na huchagua sana. Anayetilia shaka jambo hili amfuate ng'ombe mmoja kwa nusu saa bila kumsumbua: atamwona akipita juu ya nyasi nyingi bila kuzigusa, akikata ncha za nyasi fulani na kuliacha bua, kisha akigeuka kurudi kwenye kichaka alichokuwa amekwisha kukipita. Watafiti wamelinganisha nyasi zilizokatwa ovyo kwa mundu na zile ambazo mnyama amezila katika malisho yaleyale, na kwa kawaida kilichomo tumboni mwa mnyama huwa na protini nyingi kuliko kilichomo kwenye mundu.

2. Maamuzi hayo hufanyika lini, na ni mangapi?

Ng'ombe aliye huru malishoni hula kwa takribani saa 8 hadi 10 kwa siku, hasa alfajiri na jioni, na muda mwingine mrefu huutumia kucheua. Akikata matonge 30 hadi 60 kwa dakika, siku nzima inapita matonge 15,000, wakati mwingine mara mbili ya hapo.

Hata hivyo si maamuzi yote yanayolingana uzito. Uamuzi wa tonge hufanyika kwa sekunde moja au mbili, na gharama ya kukosea ni ndogo. Juu yake kuna uamuzi wa pale mnyama anaposimamisha miguu ya mbele, kisha kipande cha malisho anachokila kwa dakika kadhaa, kisha upande wa mbuga atakaokaa tangu asubuhi hadi mchana, na juu kabisa eneo analozunguka msimu mzima. Kadiri ngazi inavyopanda, ndivyo ulimi unavyopungua kazi na kumbukumbu, maji, mteremko na wenzake wanavyochukua nafasi. Watu wengi huchanganya ngazi hizi. Humwona ng'ombe akikataa nyasi fulani na kudhani ndiyo sababu haendi mlimani, ilhali hayo ni mambo mawili tofauti (tazama swali la 10).

3. Hutumia macho, pua au ulimi?

Vyote vitatu, kila kimoja kwa umbali wake. Macho ya ng'ombe yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake, ingawa hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwa macho hutambua mahali: mti, kichuguu, ukingo wa korongo. Pua hufanya kazi karibu na mmea, na ulimi huthibitisha. Lakini ladha na harufu peke yake hazisemi kama chakula ni kizuri au kibaya. Hizo ni mfano wa jina lililoandikwa juu ya debe; kilichomo ndani ya debe hujulikana baadaye, kama jibu la swali la 6 linavyoeleza.

4. Kwa nini ng'ombe, kondoo na mbuzi wanaochungwa pamoja hawali vitu vilevile?

Kwa sababu midomo yao haifanani. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Huzungusha ulimi kwenye shungi la nyasi, hulivuta na kulikata, kwa hiyo nyasi fupi sana humpa tabu. Kondoo pia hana meno hayo, lakini mdomo wake ni mwembamba na mdomo wa juu umepasuka kidogo katikati, hivyo hukata karibu kabisa na ardhi. Mbuzi ana midomo inayochezacheza kiasi cha kunyofoa jani moja moja katikati ya miiba ya mgunga, na husimama kwa miguu ya nyuma kufikia matawi ambayo kondoo hawezi hata kuyatazama. Ndiyo maana mchanganyiko wa aina hizi hutumia malisho vizuri zaidi kuliko aina moja peke yake.

## Namna wanavyojifunza

5. Ndama, au mwanakondoo, hujifunza kutoka kwa nani?

Kutoka kwa mama, na masomo huanza kabla ya kuzaliwa. Ladha ya baadhi ya vyakula, kitunguu saumu kikiwa mojawapo ya vilivyochunguzwa kwa kondoo, hupita kwenye maji ya uzazi, na mtoto huzaliwa akiwa ameizoea. Baadaye maziwa hubeba ladha nyingine. Kisha mtoto huanza kutembea, huweka pua yake karibu na pua ya mama, na hukata kile mama anachokikata.

Masomo haya hudumu. Mwaka 1984 watafiti wa Australia walitoa taarifa kuhusu wanakondoo walioonjeshwa ngano wakiwa pamoja na mama zao: takribani miaka mitatu baadaye, bila kuiona ngano katikati, waliila kuliko wale walioonjeshwa bila mama au wasioonjeshwa kabisa.

Mahali nako hurithishwa kwa njia hiyohiyo. Huko Idaho, Marekani, katika utafiti wa miaka ya 1990, ndama wa ng'ombe waliozoea upande mmoja wa malisho walinyonyeshwa na kulelewa na ng'ombe waliozoea upande mwingine. Walipokuwa mitamba, wengi wao walielekea kule alikowazungusha mlezi wao, si kule alikozoea aliyewazaa. Ukame na marafiki wapya kundini viliwahamisha baadhi yao, lakini mwelekeo ulibaki wazi.

Kwa maoni yetu hili ndilo jambo ambalo wafugaji wapya hulipuuza kuliko yote. Anayeuza majike wazee wote kwa mkupuo, kwa sababu maziwa yao yamepungua, huwa ameuza pia ujuzi wa malisho yake, na ujuzi huo haununuliwi mnadani.

6. Inasemekana tumbo ndilo mwalimu. Maana yake nini?

Maana yake ni kwamba mnyama huunganisha ladha ya chakula na kile kinachofuata baada ya kukimeza. Chakula kikileta nishati au protini ambayo mwili unaihitaji, ladha yake hupendeza zaidi safari inayofuata. Kikileta kichefuchefu, ladha yake huchukiza. Mnyama hahitaji kufikiri, wala hata kuwa macho.

Aliyelichunguza jambo hili kwa undani ni Fred Provenza na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah. Waliwapa wanakondoo majani makavu ya ngano yenye ladha mbili tofauti. Walipokula ya ladha ya kwanza, watafiti waliingiza wanga moja kwa moja katika tumbo la kwanza la mnyama, bila kupitia mdomoni. Walipokula ya ladha ya pili, hawakuingiza kitu. Baada ya siku chache wanakondoo walichagua ile ladha iliyoandamana na wanga, ingawa majani yenyewe yalikuwa hafifu yaleyale. Chumvi ya lithiamu, ambayo husababisha kichefuchefu, ilileta matokeo ya kinyume. Jaribio moja lilikwenda mbali zaidi: kondoo walikula, wakapewa dawa ya usingizi mzito, na lithiamu ikatiwa tumboni wakiwa hawajitambui. Walipoamka na kupona, walikikataa chakula kile.

Kisa cha mbuzi wa kusini mwa Utah kinaeleza vizuri zaidi kuliko nadharia. Mbuzi walipelekwa kula kichaka kiitwacho *Coleogyne ramosissima*, na ilitarajiwa wangependa vijiti vichanga kwa kuwa vina protini nyingi. Walipendelea vikongwe. Baadaye ikabainika kuwa vijiti vichanga vilikuwa na tanini nyingi, na kwamba mbuzi walivila mwanzoni kisha wakaacha walipodhurika. Ajabu kubwa ilikuwa kundi moja lililoanza kula nyumba za panya wa mwituni, marundo ya vijiti yaliyolowa mkojo. Mkojo ule ulikuwa na nitrojeni ambayo kichaka hakikuwapa, na vijidudu vya tumboni mwa mbuzi huweza kuigeuza nitrojeni ya aina hiyo kuwa protini. Mbuzi wale walipungua uzito kidogo kuliko wenzao majira ya baridi yale. Hakuna aliyewaonyesha, mmoja alionja, akajisikia vizuri, wengine wakamwiga.

7. Kwa nini mnyama huonja chakula kigeni kidogo kidogo, hata kikiwa kizuri?

Kwa sababu tumbo hujibu kwa kuchelewa. Anayekula kidogo cha kitu kipya pamoja na vingi anavyovijua huweza kujua ni kipi kilichomdhuru. Akiumwa, lawama huenda kwa kile kigeni. Mfugaji anayemwaga debe zima la chakula kipya na kukasirika ng'ombe wanapolinusa na kuondoka anapaswa kukumbuka hilo. Kiasi kidogo kwa siku kadhaa hutosha katika hali nyingi.

8. Je, ng'ombe anakumbuka mahali?

Anakumbuka vizuri. Mwaka 1989 Derek Bailey na wenzake walichapisha majaribio yaliyotumia njia kadhaa zilizochomoza kutoka sehemu moja kama vipande vya gurudumu, kila moja ikiwa na chakula mwishoni. Ng'ombe walizitembelea bila kurudia zile walizokwisha kuzimaliza, na hata walipokatizwa kwa saa nyingi kabla ya kuendelea walikumbuka walikokwisha kupita.

Malishoni kumbukumbu hiyo huonekana kwa namna mbili. Ng'ombe hurudi mara nyingi pale palipompa chakula kizuri na hupaepuka kwa muda pale palipomvunja moyo. Lakini pia hapati faida kurudi kesho palepale alipopamaliza leo, kwa hiyo huzunguka. Ndiyo maana kundi lililozoea eneo huonekana kana kwamba lina ratiba.

9. Nani huliongoza kundi?

Mara nyingi ni jike mzee, na si lazima awe yule mwenye pembe kali anayewasukuma wenzake kwenye hori. Anayetawala chakula cha hori na anayeanzisha safari huweza kuwa wanyama wawili tofauti. Mwongozaji huanza kutembea na wengine humfuata, pengine kwa sababu tu wanajua kuwa akienda huwa anafika mahali.

## Uamuzi wa mahali

10. Nyasi zimejaa mlimani, lakini ng'ombe wangu hung'ang'ania bondeni karibu na maji. Kwa nini?

Kwa ng'ombe asiyeongozwa na mchungaji, maji ndiyo kigingi na malisho ni urefu wa kamba. Katika nyanda zenye joto, sehemu iliyo zaidi ya kilomita moja na nusu au mbili kutoka kwenye maji huliwa kidogo, na mteremko mkali hupunguza matumizi hata kama umbali ni mfupi. Jike mwenye ndama mchanga hupunguza mwendo zaidi. Kwa hiyo bonde huliwa mpaka udongo unabaki mtupu, na mlima unabaki na nyasi zinazozeeka.

Tofauti baina ya ng'ombe na ng'ombe ni kubwa, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya asili ya mbegu. Huko Montana, Bailey na wenzake walilinganisha ng'ombe wa aina ya Hereford na wa Tarentaise, ambao asili yao ni milima ya Alps nchini Ufaransa. Tarentaise walipanda juu zaidi na kwenda mbali zaidi na maji. Sehemu nyingine ya tofauti hutokana na malezi, kama ilivyoelezwa katika swali la 5: ndama aliyekulia mteremkoni hauogopi mteremko.

Kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya jibu hili lina nyongeza muhimu. Wamasai, Waborana na wengineo hupanua mzunguko wa malisho wakati wa kiangazi kwa kuwanywesha ng'ombe kila siku ya pili au ya tatu badala ya kila siku, na zebu, yaani ng'ombe wenye nundu, hustahimili jambo hilo. Hapo si ng'ombe aliyeamua kwenda mbali; ni mchungaji.

11. Je, chumvi inaweza kuwavuta kwenda sehemu wasiyoipenda?

Inasaidia, ila si kwa kiasi ambacho watu hutarajia. Hamu ya sodiamu ni miongoni mwa hamu chache ambazo mnyama huzaliwa nazo, tofauti na nyingine nyingi anazojifunza, na ndiyo sababu ng'ombe hutembea mwendo mrefu kufuata magadi au udongo wa chumvi. Lakini akishalamba hurudi bondeni. Maji yaliyopelekwa sehemu ile huwa na nguvu zaidi, na majaribio ya Marekani yameonyesha kuwa mawe ya kulamba yenye molasi huwashika ng'ombe karibu nayo kwa muda mrefu kuliko chumvi tupu. Ni vyema mara ya kwanza wapelekwe hadi pale wakaone wenyewe. Jiwe la kulamba lisilojulikana halimwiti mtu.

12. Kwa nini huacha nyasi za kijani kibichi zilizo pembeni mwa kinyesi?

Harufu. Nyasi hizo zimerutubishwa na zinavutia macho yetu, lakini mabuu ya minyoo hutambaa juu ya majani ya karibu na kinyesi, na kuziepuka humkinga mnyama. Ukali wa kuepuka huko hupungua anapokuwa na njaa, jambo linaloeleza kwa nini malisho yaliyojaa kupita kiasi huleta minyoo mingi. Kondoo hukiepuka zaidi kinyesi cha kondoo kuliko cha ng'ombe, na kinyume chake, kwa hiyo kuwapishanisha kuna faida.

13. Kwa nini hukimbilia palipoungua?

Wanachokifuata ni machipukizi. Nyasi zinazochipua baada ya moto, au baada ya mvua ya kwanza, zina protini nyingi na nyuzi chache. Tatizo ni kwamba sehemu ndogo iliyoungua huvuta mifugo na wanyamapori wote wa jirani, na mizizi huliwa akiba yake kabla ya kujijenga upya.

14. Ikiwa mifugo huchagua yenyewe, kazi ya mchungaji ni ipi?

Kuamua yale ambayo mnyama hawezi kuyajua. Mnyama hupima leo na jana. Hawezi kuweka akiba ya mwezi wa Septemba. Wasukuma wana ngitili, eneo la nyasi na miti linalofungwa masika ili lifunguliwe kiangazi, na Wamasai wa Tanzania wana alalili, ambayo mara nyingi huachiwa ndama na wagonjwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya desturi hiyo ya ngitili badala ya kuleta mpango mgeni, na ninaamini hiyo ndiyo sababu ulikubalika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa nyanda za nyasi fupi za Serengeti na Ngorongoro. Wakati wa mvua, mnamo Januari hadi Machi, nyasi za udongo ule wa volkano huwa tamu na zenye madini mengi, na ng'ombe angezila kwa furaha. Lakini huo ndio wakati nyumbu wanapozaa, na ndama wa nyumbu hueneza kirusi ambacho huwaua ng'ombe wiki kadhaa baadaye. Ugonjwa unaokuja baada ya wiki haufundishi tumbo kitu chochote. Wamasai wanalijua hilo kwa kizazi baada ya kizazi, na huwaondoa ng'ombe wao kwenye nyasi nzuri kuliko zote wakati zinapokuwa nzuri kuliko wakati wowote.

## Pale werevu unaposhindwa

15. Kama tumbo hufundisha, kwa nini mifugo hufa kwa mimea yenye sumu?

Kwa sababu somo lina muda wake. Tumbo hufundisha vizuri pale madhara yanapokuja ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa, na yanapokuja kama kichefuchefu. Sumu inayoua haraka hairuhusu somo la pili: mtama mchanga unaochipua baada ya ukame huweza kutoa sianidi ya kumwangusha ng'ombe kabla hajafika kwenye boma. Sumu inayokusanyika polepole kwenye ini kwa wiki au miezi nayo haiunganishwi na ladha ya mmea ulioileta.

Njaa ndiyo sababu ya tatu, na pengine ndiyo kubwa. Mnyama aliyeshiba huonja. Mwenye njaa hula. Vifo vingi hutokea pale kundi linaposafirishwa, likakaa bila chakula, kisha likafunguliwa kwenye eneo geni. Likishibishwa majani makavu kabla ya kufunguliwa, hatari hupungua sana.

16. Kwa nini ng'ombe hula mifuko ya plastiki na mifupa?

Haya ni maswali mawili. Mifuko huliwa kwa sababu huwa na mabaki ya chakula na chumvi, na kwa sababu plastiki haileti kichefuchefu. Hukaa tumboni na kujikusanya kimyakimya mpaka njia inaziba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, lakini mifuko ya zamani na vifungashio vingine bado vipo jalalani.

Kutafuna mifupa ni jambo jingine: mara nyingi ni dalili ya upungufu wa fosforasi katika udongo. Arnold Theiler alilithibitisha hilo Afrika Kusini katika miaka ya 1920, alipogundua kuwa ng'ombe waliokuwa wakipooza na kufa walikuwa wametafuna mifupa ya mizoga yenye sumu ya botulizimu. Hamu yao ilikuwa sahihi. Kilichowaua ni mahali walipoitafutia fosforasi. Dawa ni madini ya kulamba, si fimbo.

17. Na mathenge je?

Mathenge, yaani mti wa *Prosopis juliflora*, ulipandwa Baringo nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Maganda yake yana sukari nyingi, na mbuzi huyapenda kwa sababu ambazo tumbo linaziona ni nzuri kabisa: nishati huja haraka. Sukari ile huozesha meno na kung'ang'ania kwenye fizi, mpaka mbuzi anabaki kibogoyo na kushindwa kula. Mwaka 2006 wakazi wa huko walioishtaki serikali walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi kuwa kielelezo. Jino linalooza kwa miezi ni mwalimu mchelewaji kama ini lililotajwa katika swali la 15. Isitoshe, mbegu hupita tumboni zikiwa nzima, kwa hiyo mbuzi na ng'ombe huupanda mti huo kila waendako. Maganda yaliyosagwa hayaenezi mbegu, na yakichanganywa na chakula kingine hufaa.

18. Kwa nini lukina huwadhuru ng'ombe wa mahali fulani na si pengine?

Lukina, mti ambao majani yake hulishwa mifugo, ina sumu iitwayo mimosini, na uwezo wa kuivunja hauko kwa ng'ombe bali kwa vijidudu vya tumboni mwake. Raymond Jones wa Australia aliona kwamba mbuzi wa Hawaii waliila bila madhara. Vijidudu vyao vilipohamishiwa kwa mifugo wa Australia, wale nao waliweza kuila. Kwa hiyo "kuzoea chakula" wakati mwingine ni jambo la tumbo lenyewe kupata wakazi wapya, na wakazi hao huambukizana ndani ya kundi.

## Maswali ya wenye mifugo

19. Nimenunua ng'ombe kutoka mkoa mwingine. Nyasi zipo lakini wanakonda. Wanaumwa?

Kwanza mwite daktari wa mifugo aondoe shaka ya magonjwa, hasa yale ya kupe. Magonjwa yakikosekana, huenda ni wageni tu. Hawajui mimea, hawajui maji, hawajui kivuli kiko wapi. Hutembea sana na kula kidogo. Wachanganye na wenyeji wachache watulivu, wapatie nyasi kavu za kuanzia, na usiwahukumu kabla ya msimu kupita. Ikiwezekana, nunua kutoka mahali penye mimea inayofanana na yako. Ng'ombe wa bei nafuu kutoka eneo lisilofanana kabisa mara nyingi hulipiwa tofauti ya bei kwa kilo zinazopotea.

20. Naweza kuwafundisha kula mabua au magugu?

Ndiyo, na umri bora ni wa kunyonya. Huko Utah, ndama waliokula majani makavu ya ngano yaliyotiwa amonia wakiwa na mama zao waliyatumia vizuri zaidi walipokuwa ng'ombe wakubwa miaka kadhaa baadaye. Mwenye mpango wa kulisha mabua yaliyotiwa urea kiangazi angefanya vyema kuwaonjesha ndama mapema, kwa vipimo vya afisa mifugo, kwa kuwa urea iliyozidi huua.

Kwa magugu, njia ni ileile: kiasi kidogo, kikichanganywa na chakula wanachokipenda, kwa siku kadhaa. Sharti ni kuhakikisha kwanza kuwa gugu lina lishe na halina sumu. Gugu karoti lisijaribiwe. Linadhuru mifugo na wachungaji, na huharibu ladha ya maziwa.

21. Na kuwafundisha wasile, kwa mfano miche ya miti yangu?

Inawezekana kitaalamu kwa chumvi ya lithiamu iliyotajwa katika swali la 6, lakini si kazi ya kufanya nyumbani bila daktari wa mifugo. Udhaifu wake unajulikana pia: aliyefundishwa kuchukia mmea akichungwa pamoja na wasiofundishwa, huwaona wakila, huonja, na somo hufutika. Kwa shamba dogo, uzio wa miiba bado ni nafuu.

22. Nimesikia kuna mikanda ya shingoni inayochukua nafasi ya uzio. Inafanyaje kazi?

Mkanda huo hupokea mawimbi ya setilaiti na kujua mnyama yuko wapi. Akikaribia mpaka uliochorwa kwenye simu, husikia sauti inayopanda. Asipogeuka, hupata mshtuko mdogo wa umeme. Nofence, kampuni ya Norway, ilianza na mbuzi. Siri yake ni kwamba sauti huja kwanza na mnyama anao uwezo wa kuepuka adhabu, kwa hiyo hujifunza haraka. Bei na mtandao wa simu bado ni vikwazo kwa mfugaji wa kuhamahama, na mkanda haumzuii simba. Lakini wanaoutumia huona jambo ambalo mchungaji yeyote angelitabiri: baada ya siku chache wengi hugeuka kwa sauti pekee, na baadhi hukaa mbali na mpaka kwa kuwa tu mwenzao aliye mbele amegeuka.